Kilele cha Kurudi: Uhakiki wa Mchoro Mmoja wa Elektrodi

Karibu kila tasnifu kuhusu elektrodi za seli za metanoli hubeba mchoro uleule. Mhimili wa chini ni volti, mhimili wa wima ni mkondo wa umeme. Mstari huanzia kushoto, hutambaa kwa muda bila kusema lolote, kisha hupanda, hufika kilele na kuporomoka. Ukifika ukingo wa kulia hugeuka na kurudi ulikotoka. Ukiwa njiani, pale unapodhani mambo yamekwisha, hupanda tena na kuchora kilele cha pili, chembamba kuliko cha kwanza, halafu huzama hadi pale ulipoanzia. Wanakemia huuita voltamogramu. Mimi nausoma kama utungo wa mshororo mmoja wenye vipande viwili, ukwapi wa kwenda na utao wa kurudi, kila kipande na kina chake. Utungo una fani, na fani husomwa vizuri au vibaya. Fani hii ilisomwa vibaya kwa miaka 20, tena na watu wenye akili nyingi.

Msomaji wa mtaa wa Kangemi, Nairobi, ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Mtaani humu vileo vya kuwaka vinajulikana kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya jikoni: ethanoli, ambayo kampuni ya KOKO ilianza kuiuza kwa mashine za madukani jijini Nairobi mwaka 2019, mtu akijaza mtungi wake kwa kadiri ya pesa za siku hiyo. Ya pili ni ya msiba: metanoli inayotiwa kwenye pombe haramu. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kaunti nyingine kwa pombe ya namna hiyo, na waliosalimika baadhi yao walibaki vipofu. Sura ya tatu haijafika Kangemi. Ni ile ya metanoli iliyozimuliwa kwa maji, inayotoa umeme bila moto na bila mngurumo wa jenereta, kitu ambacho wengi wangekikumbuka kwa hamu usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipotumbukia gizani. Sura hiyo imefungiwa maabarani. Kwa mtu wa Kangemi maabara ya kemia iliyo karibu ni ya Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo mfupi wa matatu ukiteremka Waiyaki Way. Mwanafunzi atakayetaka kuitoa huko atapimwa kwa mchoro niliouelezea. Basi na tuujue.

Tuanze na wahusika. Molekuli moja ya metanoli na moja ya maji zikikutana juu ya platini na kumaliza kazi yao yote, hutoa dioksidi ya kaboni, protoni 6 na elektroni 6. Elektroni hupita kwenye waya na kuwasha taa, protoni hupenya utando, na upande wa pili zote hukutana na oksijeni na kuwa maji. Kwa hesabu za karatasini seli hiyo ingetoa volti 1.21. Mezani, ikifanya kazi ya kweli, hutoa kati ya 0.3 na 0.5. Nafasi iliyo kati ya hesabu na meza ndiyo inayowalisha watafiti wa elektrodi duniani kote.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea njiani. Metanoli haigeuki dioksidi kwa pigo moja. Hupitia formaldehaidi na asidi ya fomiki. Wawili hao tunawafahamu kwa ubaya. Ndio walewale wanaozaliwa katika ini la aliyekunywa pombe yenye metanoli, na asidi ya fomiki ndiyo inayoharibu neva ya jicho, kwa kuwa mwili huiondoa polepole mno. Platini haina jicho la kupofuka, lakini ina sumu yake, monoksidi ya kaboni. Molekuli ya metanoli ikivuliwa hidrojeni zake zote huacha kaboni na oksijeni zimeshikamana juu ya chuma, na hapo hukaa kama abiria aliyelala kitini gari likiwa limefika kituo cha mwisho: nauli yake imeshalipwa, lakini kiti hakimrudii mwingine. Ili kuiondoa inatakiwa oksijeni moja zaidi, nayo hutoka kwenye maji. Platini tupu haianzi kuyapasua maji kwa kiasi cha maana mpaka karibu volti 0.6 au 0.7. (Volti zote za upande wa elektrodi nazipima kutoka elektrodi ya hidrojeni, kama ilivyo desturi.)

Sasa mshororo wenyewe. Mwanzo wake ni kimya, na kimya hicho ndicho sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ndicho kinachorukwa. Kati ya volti 0.05 na 0.4 mstari wa metanoli hulala chini, tambarare. Msomaji wa haraka huona mahali pasipo na tukio. Lakini weka kando yake mchoro wa platini ileile katika asidi ya salfa tupu, bila metanoli, utaona pale pale vilima vidogo viwili au vitatu. Ni hidrojeni inayoshika na kuachia uso wa chuma. Metanoli ilipoingia, vilima vilibanwa vikasawazika. Kimya kile kwa hiyo ni cha uso uliojaa. Monoksidi imeketi kila mahali na hidrojeni haina pa kushika. Ni mahali penye habari nyingi kuliko kilele. Hatuwezi kuzisoma bila mchoro wa asidi tupu kuwekwa pembeni. Tasnifu inayotoa mchoro wa metanoli peke yake imetupokonya nusu ya matini.

Vilima vile vina kazi nyingine pia. Ukipima chaji iliyomo ndani yake na kuigawa kwa maikrokulombi 210, unapata sentimita za mraba za platini inayofanya kazi kweli. Hesabu hiyo ni ya zamani na ni ya kawaida. Hata hivyo makala mengi hugawa mkondo kwa ukubwa wa kisahani kinachoonekana kwa macho, halafu hutangaza kwamba elektrodi mpya imeishinda ya zamani mara kadhaa. Labda imeishinda. Labda pia mtu alimwaga wino mzito zaidi wa kichocheo. Mchoro hauwezi kutuambia lipi ni lipi, na mwandishi aliyejua hakusema.

Baada ya kimya, mstari huanza kuinuka karibu na volti 0.5 au 0.6, kisha hupanda kwa kasi hadi kilele cha kwanza karibu na 0.85 au 0.9. Halafu huanguka. Anguko hili hudanganya. Tumezoea hadithi ambazo kitu hupungua kwa sababu kimeliwa kikaisha, kwa hiyo tunadhani metanoli imekwisha. Haijaisha, chombo kimejaa tele. Kilichobadilika ni platini. Volti zimepanda hadi maji yaliyokuwa yakisaidia sasa yanaufunika uso wote kwa ngozi ya oksidi, na juu ya ngozi hiyo metanoli haina la kufanya. Msaidizi amezidi akawa kizuizi. Huu ni mgeuko mzuri kabisa wa kifani, kilele na anguko kutoka chanzo kimoja, na mtu akiushika hapa hatapotea mbele.

Mstari ukifika mwisho wa kulia, mara nyingi volti 1.0 au 1.2, mpimaji hugeuza mwelekeo. Volti zinashuka. Mkondo unabaki chini kwa muda kwa sababu ile ngozi ya oksidi bado ipo. Karibu na volti 0.8 ngozi inavuliwa, platini safi inajitokeza, na mkondo unafumka ghafla kuelekea juu. Kilele cha kurudi hutokea pembeni ya 0.7, kisha volti zinapozidi kushuka maji hayapasuki tena, monoksidi inarudi vitini, na mstari unalala. Hayo ndiyo matukio yote ya utungo.

Kilele hiki cha pili kinasema nini? Mwaka 1992, katika jarida la Kiingereza la kemia ya vifaa, Manoharan na Goodenough walichapisha kazi kuhusu kuoksidisha metanoli juu ya aloi ya nikeli na titani. Humo walieleza kilele cha kurudi kuwa ni mabaki ya kaboni yaliyoachwa na safari ya kwenda, yakiunguzwa safari ya kurudi. Kwa usomaji huo, kina cha kwanza ni kazi iliyofanyika na kina cha pili ni takataka iliyobaki. Gawa cha kwanza kwa cha pili: ukipata namba kubwa, elektrodi yako inastahimili sumu, ukipata ndogo, inasongwa. Mmoja wa waandishi hao, John Goodenough, alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019 kwa betri za lithiamu. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Na hoja ile ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe. Waliokuja baadaye ndio walioing'oa pale ilipokuwa na kuifanya kanuni. Uwiano wa vilele ukaenea. Ukawa safu ya jedwali.

Kwa nini ulienea hivyo? Jibu langu ni la kifani. Voltamogramu ambayo kila mwanafunzi hufundishwa kwanza ni ya mmenyuko unaorudi nyuma, ambapo kilele cha kwenda hutazama juu na cha kurudi hutazama chini, kimoja kikitengua kilichofanywa na mwenzake. Aliyekulia katika fani ya majibizano husikia jibizano popote. Akikutana na vilele viwili vinavyotazama juu vyote, hawezi kuviona kama matukio mawili yanayojitegemea. Lazima cha pili kimjibu cha kwanza, lazima kikamilishe kitu. Masikio yake yamezoea vina vya kati na vya mwisho vinavyooana, basi anaoanisha na maana. Isitoshe, uwiano ni namba moja. Namba moja hulinganishwa kirahisi, huingia kwenye ikisiri, na humpendeza mhariri aliyechoka. Wahakiki wa ushairi wana dhambi hiyohiyo: mizani huhesabika, kwa hiyo wapo waliohesabu mizani maisha yao yote na kuita kazi hiyo uhakiki.

Mwaka 2012, katika jarida lilelile, Hofstead-Duffy na wenzake chini ya YuYe Tong wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliurudia usomaji huo. Waliumulika uso wa platini kwa mwanga wa infraredi huku mstari ukichorwa, ili waone ni nini kimeketi pale kila kilele kinapotokea. Hitimisho lao: kilele cha kurudi ni metanoli mpya, kutoka kwenye kimiminika, inayooksidika juu ya platini iliyovuliwa ngozi ya oksidi. Mabaki ya safari ya kwenda hayahusiki. Vilele vyote viwili ni kazi ileile, molekuli zilezile. Vinatofautiana kwa hali ya uso vilipoukuta. Uwiano wao hauwezi kupima ustahimilivu wa sumu.

Mimi nasema hata bila infraredi msomaji makini angeweza kushuku, kwa kuwa ushahidi umo katika fani yenyewe. Badilisha kituo. Badala ya kugeuza mstari kwenye volti 1.0, ugeuze kwenye 1.2, elektrodi ni ileile, asidi ni ileile, metanoli ni ileile. Ngozi ya oksidi inakuwa nene zaidi, inachelewa kuvuliwa, na kilele cha kurudi kinasogea kushoto na kufifia. Kilele cha kwenda hakikuguswa. Kwa hiyo uwiano umepanda, na elektrodi "imeboreka" bila mtu kuigusa. Namba inayopanda kwa kusogeza ukingo wa karatasi inaeleza ukingo wa karatasi. Lakini hadi leo majarida yanaendelea kuichapisha, na vijana wanaendelea kuiandika kwa sababu waliowatangulia waliiandika.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hilo, nalo halihusu kilele cha pili tu. Tuweke mchoro ndani ya seli. Upande wa hewa wa seli, ukibebeshwa mzigo, hukaa pembeni ya volti 0.8 au 0.9 katika hali nzuri. Volti ya seli ni tofauti ya pande mbili. Sasa upande wa metanoli ukiendeshwa hadi 0.85, pale penye kilele cha kwanza, tofauti inayobaki ni sifuri au karibu yake. Taa haiwaki. Seli inayofanya kazi huiweka elektrodi ya metanoli kati ya 0.3 na 0.5, yaani ndani ya kile kimya cha mwanzo na mguu wa mlima. Vilele vyote viwili viko nje ya uwanja. Tumekuwa tukiwapa tuzo wachezaji kwa mbio walizokimbia baada ya mechi kwisha. Chochote kitakachomfaa mtu wa Kangemi kitatokea chini ya volti 0.5: mahali mstari unapoanza kuinuka, na wepesi wa kuinuka kwake.

Hapo ndipo rutheni inapoingia. Watanabe na Motoo wa Japani walieleza mwaka 1975 kwa nini platini ikichanganywa na rutheni hufanya vizuri kuliko ikiwa peke yake: rutheni hupasua maji kwa volti za chini, kuanzia kama 0.2 au 0.3, na kuikabidhi jirani yake platini ile oksijeni inayotakiwa kumwondoa abiria. Kila chuma na kazi yake, na kazi hufanyika mpakani. Mchoro wa aloi hii ni wa bahari nyingine kabisa. Mwinuko huanza mapema, kilele cha kwenda huwa kipana na kifupi, na kilele cha kurudi huwa kidogo sana au hakipo. Anayetafuta uzuri wa vilele ataiona kuwa ni dhaifu. Anayesoma mguu wa mlima ataona hapo elektrodi bora tuliyonayo.

Na aloi hiyo haivumilii usomaji wa kilafi. Ukiipandisha zaidi ya volti 0.8 au 0.9 rutheni huanza kuyeyuka na kutoka kwenye uso, haitarudi. Mpimaji anayeichora hadi 1.2 ili apate kilele kizuri anaiharibu elektrodi katika kitendo cha kuipima. Mzunguko wa kumi unaeleza kitu kingine, siyo kile alichokitia mashineni. Nikiona mchoro wa platini na rutheni uliofika 1.2 huwa nataka kuuona mzunguko wa kwanza, na mara nyingi uliochapishwa ni wa ishirini au thelathini, eti umetulia. Umetulia kwa kuwa kilichokuwa kikibadilika kimeshakwenda. Ndani ya seli halisi pia rutheni huhama polepole, hupenya utando na kwenda kukaa upande wa hewa, inakoharibu kazi ya oksijeni. Kuboresha elektrodi kwa miaka mingi sasa kumekuwa hasa ni kuizuia rutheni isihame.

Utungo mwingine ambao ningependa usomwe zaidi ni ule wa muda. Hauna vilele. Unaiweka elektrodi kwenye volti 0.4 au 0.5, unaiacha hapo saa moja au zaidi, na unachora mkondo unavyoshuka. Mstari huanza juu, huporomoka katika dakika za kwanza, kisha huendelea kuteremka taratibu. Ni fani isiyo na mvuto, na ndiyo sababu huwekwa kurasa za mwisho kwa ukubwa wa stempu. Lakini voltamogramu huchorwa kwa kasi ya milivolti 50 kwa sekunde. Volti za kazi hupitwa katika sekunde chache, kabla sumu haijapata muda wa kuketi sawasawa. Taa ya chumbani huwaka kwa saa nne, jioni nzima. Mstari wa muda ndio unaofanana na maisha yake.

Kabla ya mstari wowote kuna uso unaochorewa, na hapa Nairobi ina jina la kutajwa. Vichocheo vya aina hii aghalabu hupimwa vikiwa wino uliodondoshwa juu ya kisahani cha kaboni ya kioo, kilichosuguliwa kwa unga wa alumina mpaka king'ae. Geoffrey Kamau, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha mwaka 1985 pamoja na Willis na Rusling kazi kuhusu elektrodi za kaboni ya kioo zilizosuguliwa kwa kiwango cha juu, na mwaka 1988 akaandika peke yake kuhusu namna ya kuandaa uso wa elektrodi hizo. Haikuwa kazi kuhusu metanoli. Ilikuwa kuhusu jambo la msingi zaidi: kwamba kaboni ileile, ikisuguliwa hivi au vile, hupitisha elektroni kwa kasi tofauti kabisa. Sehemu ya makala inayoeleza usuguaji kwa kawaida ni sentensi moja, na wasomaji huiruka. Mimi huanzia hapo. Mwandishi asiyeweza kusema unga wa saizi gani, kwa muda gani, na alioshaje, hajanipa sababu ya kuamini mlima wake.

Pahali napo huandika. Kangemi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,700, na hewa ya huku ina shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Kwa elektrodi rejea ya hidrojeni tofauti hiyo ni ndogo, milivolti 3 hivi, na anayepima kwa uangalifu anaisahihisha kwa kalamu. Kwa upande wa hewa wa seli si ndogo: seli inayovuta hewa yenyewe bila feni itapata oksijeni pungufu kwa moja ya tano. Metanoli nayo ina tabia ya kupenya utando na kwenda kuoksidika upande huohuo wa hewa, ikila oksijeni ambayo tayari ni haba na kushusha volti. Ndiyo maana seli hizi hulishwa mchanganyiko mwepesi, mara nyingi gramu 32 za metanoli kwa lita. Sijui ni kwa nini mchoro uliopimwa usawa wa bahari uchukuliwe kuwa neno la mwisho kuhusu seli itakayowekwa nyuma ya soko la Kangemi. Upimwe upya hapa, kwa hewa ya hapa.

Kuna atakayeuliza, mbona tusitumie ethanoli, ambayo imewahi kupata njia ya kufika dukani na haipofushi mtu? Swali ni zuri na jibu linasomeka kwenye mchoro. Ethanoli ina kaboni mbili zilizoshikana, na platini haiwezi kuzitenganisha kirahisi kwa volti za kazi. Kwa haki yake ingetoa elektroni 12. Kwa kawaida hukwama kwenye asidi ya asetiki, ikiwa imetoa 4 tu. Mchoro wake waweza kuwa na vilele virefu vya kupendeza huku theluthi mbili ya nishati ikibaki katika kimiminika kinachonuka siki. Kwa mara nyingine vilele havikusema ukweli.

Hata hivyo sishauri metanoli iuzwe kwa mitungi madukani, kama ilivyouzwa ethanoli, katika nchi yenye makaburi ya 2014. Haina rangi, na harufu yake haimtishi mnywaji. Kampuni ya SFC Energy ya Ujerumani, inayouza seli hizi kwa magari ya kambi na mitambo ya mbali, huiuza metanoli katika mitungi iliyofungwa inayochomekwa mashineni bila kumiminwa. Toshiba walipotoa chaja yao ya metanoli mwaka 2009, vifaa 3,000 tu nchini Japani, walikuwa na ujazo wao maalumu pia. Bila mfumo wa namna hiyo, elektrodi bora kuliko zote duniani isije Kangemi.

Wanaosimamia tasnifu Chiromo na kwingineko nawaomba mambo machache. Mwanafunzi akileta mchoro wa metanoli, mwambieni alete na wa asidi tupu. Aandike eneo halisi la platini, aseme alisuguaje, aseme aligeuzia wapi na kwa nini. Aonyeshe mstari unaanzia kuinuka volti ngapi, kisha mkondo kwenye 0.4 baada ya saa moja, kwa ukubwa wa ukurasa mzima. Na safu ya uwiano wa vilele aifute.